Mizani

Kazi yangu ni rufaa,
naandikia jamaa
usiku, chini ya taa;
mshahara ni sabuni.

Kipande kwa kila hoja,
kwa hoja ngumu si moja;
asiye nacho, nangoja
hata awapo nyumbani.

Jela yetu ya Malindi,
kila selo ina kundi;
huku wageni hawendi,
wao wapo ufukweni.

Unga wangu nilibeba
nikijua, nikashiba;
miaka yangu ni saba,
rufaa siitamani.

Akaja Shekuwe Lali,
mchukuzi wa asili,
punda wake ndiye mali,
mkaazi wa Langoni.

Kafungwa miaka kumi.
"Wallahi," kasema, "mimi,
magunia hayasemi,
sikujua yana nini."

Mwenye miwani nyeusi,
pale jeti, Jumamosi:
"Ni ng'onda, chukua basi
mpaka pale sokoni."

Punda akapenga pua,
huenda alitambua;
Shekuwe akachukua
mia mbili mkononi.

Polisi wakawa papo,
kisu kikapita hapo,
mwenye miwani hayupo,
kwenye kona Mkomani.

Bangi imeshindiliwa.
Pingu naye akatiwa,
punda akachukuliwa
ushahidi kituoni.

Hakimu alitamka:
"Harufu ilimfika,
kanyamaza akitaka.
Kumi, bila ya faini."

Nakala nikaisoma
mara tatu, kwa kupima;
neno moja likauma,
ukurasa wa tisini.

Kilo walizoandika
siku walipomshika,
kwa herufi zasomeka,
zilikuwa thelathini.

Mkemia kupokea,
nane zilishapotea,
muhuri umelegea.
Nani kazila? Ni nani?

Utungo wangu ni nane,
hesabuni, mkaone;
kilo zao zikosane
na waiite mizani?

Na hoja yangu ya pili:
hamali si mwenye mali,
kosa kwanza ni akili,
halianzi mgongoni.

Alokua na samadi
anuse nini zaidi?
Hoja hiyo, kwa kusudi,
niliiweka mwishoni.

"Lau kubeba ni kosa,
punda pia angenasa" –
nikaifuta kabisa,
jaji hapendi utani.

Akatia dole gumba,
jasho, wino ukavimba;
bwana jela, akiimba,
muhuri kagonga chini.

Miezi tisa, kimya tu;
mkewe hana kiatu,
mkufu kampa mtu
rehani, pale dukani.

Siku ya kusomwa ile,
yeye akaenda mbele,
mimi nikabaki vile
nahesabu ukutani.

Na wangu unga, najua,
kilo moja ilitua,
haikuwahi pungua,
naipima kifuani.

Kwa ndara za kuazima
akapanda, kasimama;
jaji mama akasema:
"Kilo nane zi kwa nani?"

Wakili wa serikali
akafunua faili,
kakohoa mara mbili,
macho yake sakafuni.

Hukumu ikatenguka,
mlango ukafunguka,
Shekuwe akaondoka
bila kuniaga ndani.

Barua ikaja Mei:
"Punda wangu hanijui,
namwita, haitikii,
kafunzwa nini, jamani!

Nimpakie saruji
au mitungi ya maji,
hukata kona za mji
kwa polisi, mlangoni.

Sabuni nimeiweka,
miche sita, nitafika;
mwezi huu ukitoka
nije nayo gerezani."

Hajafika. Siulizi.
Wamekuja wapagazi
wawili, na ndiyo kazi:
nawauliza, "Mizani?"